Mzee Amezidi Uzito

Kama kuna kitu Mama Cherehani alikiamini hapa duniani, ni futi yake ya kushonea, ile anayoivaa shingoni kutwa. Futi ndiyo iliyomwambia amepungua. Tangu daktari amwambie apunguze uzito magoti yapumue, alikula matango na chai kavu kwa ubishi, akayabana magauni yake yote, mpaka wateja wakamtania kwamba anataka kuolewa upya. Naye alifurahi, kwa nini afiche?

Ila jambo moja halikumwingia akilini. Mumewe, aliyepooza upande mmoja, alikuwa anazidi kuwa mzito. Zamani alimtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu huku akipiga soga. Sasa alivuta, akahema, na juzi wote wawili waliporomoka sakafuni wakakaa hapo mpaka jirani alipowasikia. Mtoto wao mkubwa alipopata habari hakugomba. Alisema tu kwamba atakuja Jumamosi, na akikuta mama bado hawezi kumwinua baba, atamchukua Mzee akakae kwake, safari ya kutwa nzima, ambako kuna mtu wa kumhudumia.

Mama Cherehani roho ilimruka. Tangu waoane, hakuwahi kulala nyumba moja, Mzee akalala nyingine.

Lakini jamani, mtu hatoki, hatembei, uzito anautoa wapi? Akampima tumbo kwa futi. Limeongezeka. Aa, kumbe! Basi akaanza kumpunguzia chakula: bakuli likawa nusu, nusu ikawa vijiko vya kuhesabika. Mzee alikula alichopewa, akasema ahsante. Na bado alizidi kuwa mzito. Hapo akili ya mama wa watu ikagota.

Ijumaa akamsukuma mpaka zahanati, akamwomba binti mmoja mtaalamu wa lishe ampimie huyu mtu, amemshinda. Binti yule alimpandisha Mzee kwenye mzani na kiti chake, akatoa uzito wa kiti, kisha akamlaza na kumbandika mkononi na mguuni nyaya za mashine ya kupimia mwili. Mashine ikafikiri. Binti naye akafikiri, akarudia kupima.

"Mama, baba hajaongezeka. Amepungua sana."

Mama Cherehani alicheka. Akasema mashine imeharibika, maana futi imesema na mikono yake imesema. Binti hakubishana. Alipandisha suruali ya Mzee, suruali aliyoishona Mama Cherehani mwenyewe, na mguu ulioonekana humo ndani ulikuwa mfupa na ngozi. Tumbo, akaeleza, limelegea tu kwa kukaa. Kisha akamwomba mama avue viatu apande yeye kwenye mashine nyingine ya kusimama, ashike vishikio vyake viwili.

Sasa mgonjwa hapa ni nani? Alipanda hivyo hivyo, kichwa kinamzunguka.

Binti akamweleza taratibu. Uzito wake yeye mama umeshuka, kweli. Lakini mafuta yapo karibu yaleyale. Kilichoondoka ni misuli. Futi inapima mzunguko, haijui ndani kuna nini. Mzee yuko mwepesi, nguvu za kumwinua ndizo zilizokwisha, na wote wawili wanahitaji kula vizuri na kufanya mazoezi, si kwa siku moja.

Mama Cherehani hakushuka kwenye mashine. Alisimama pale miguu mitupu, akijaribu kupanga upya mambo yaliyokuwa yamekaa vizuri kichwani mwake, na kila alipoyapanga, lilibaki lile bakuli. Akamgeukia mumewe.

"Njaa ilikuwa inakuuma?"

Mzee alihangaika na mdomo wake uliokwenda upande. "Kila siku."

"Na hukusema?"

"Nilikuona unavyohema. Nikasema, acha nipungue."

Alilia palepale, mbele ya binti wa watu, wala hakujifuta.

Usiku ule alipika, na bakuli likajaa. Lakini misuli haioti kwa usiku mmoja. Jumamosi mwana alipofika, begi la baba lilikuwa tayari mlangoni. Mama alijaribu mbele yake, akashindwa. Mwana akasogea, akajikaza kama anayenyanyua gunia, akamwinua baba yake, na nguvu alizojiandaa nazo zikamzidi mpaka akayumba. Akabaki amesimama naye katikati ya chumba.

"Mama, mbona mwepesi hivi?"

Mzee ndiye aliyejibu.

"Tulikuwa tunapungua wote."

Mwana alimtazama mama yake, magauni yale yaliyobanwa, mikono ile. Akamlaza baba kitandani, akatoka, na begi akalipita. Wakamsikia jikoni akiuliza sufuria ziko wapi.