Makapi ya Chai

Kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, mshona kola alikuwa hafai kukaa na watu. Matiti yanauma, kichwa kinagonga, machozi yako karibu na hasira iko karibu zaidi. Safari hii alirusha mkasi, ukapita kando ya sikio la mpiga pasi.

"Mama, mimi siendeshi wodi ya vichaa," bosi wa karakana alimwambia mbele ya cherehani zote. "Ukirusha kitu tena, usisubiri nikwambie. Chukua mkoba wako uende."

Kazi ile ndiyo aliyokuwa nayo, na kola alizijua kuliko mtu yeyote pale. Akalia.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akitoboa matundu ya vifungo kwenye cherehani ya jirani. Siku zote alikuwa akimcheka mshona kola. Siku hiyo akawa na huruma, na hapo ndipo mtu angeshtuka.

"Wifi, kuna dawa ya majani. Si uchawi. Imefanyiwa utafiti, imepimwa maabara, wanawake kibao wametulia."

"Kweli, wifi?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Kesho yake akamletea kifuko cha kitambaa cha sare, kimefungwa kwa uzi wa vifungo. Ndani yake mlikuwa na makapi ya chai kutoka birika la karakana, yamekaushwa juani yakasagwa. Wote walijua. Alipokunywa na kukunja uso, mpiga pasi alikimbilia nje akachekee ukutani.

Kumbe dawa ikafanya kazi. Hedhi ikaja, ikapita, hakuna aliyetukanwa. Mwezi wa pili vilevile, na wa tatu. Wa nne bosi akasema atampa usimamizi wa meza ya kukatia, meza ambayo wifi alikuwa akiimezea mate tangu zamani.

Kwa furaha, mshona kola akapita duka la dawa kuuliza. Akarudi mbio kuwapa wenzake habari.

"Muuza dawa kasema ipo miti iliyopimwa! Mmoja unasaidia kidogo, ila tafiti zenyewe ndogo. Halafu sikieni kichekesho: wengine walipewa vidonge vitupu, havina dawa ndani, bila kujua, na wengi wakasema wamepata nafuu! Wajinga wale, kupona kwa kumeza hewa!"

Karakana nzima ikavunjika mbavu. Naye akacheka nao, akidhani wanawacheka wale.

"Wifi," wifi akasema akijifuta machozi, "wale afadhali. Wewe umepona kwa makapi ya chai. Ya birika hilo hapo."

Akatazama nyuso zote, moja baada ya nyingine. Wote walikuwa bado wanacheka.

Mwezi uliofuata alinunua dawa yenyewe, ya dukani, yenye jina. Kila akimeza aliliona birika. Kichwa kikarudi, matiti yakarudi, hasira ikarudi na riba yake.

"Wifi, leo hujanywa chai?" wifi akauliza.

Birika lilikuwa linachemka. Alilirusha zima zima, kisha akachukua mkoba wake bila kusubiri kuambiwa.

Wifi aliungua shingo na mkono wa kulia, vidole vikakakamaa, matundu ya vifungo yakamshinda. Mume alimchagua dada yake, akamrudisha mke kwao.

Mzaha ule ulikula kazi mbili, ndoa moja, mkono mmoja, na dawa pekee iliyowahi kumtuliza yule mwanamke.