Namba Iliyomposa Mama

Mama alichoka na ugomvi wetu wa Noeli. Anakaa Louisville kwa kaka yangu Bagula, dada yangu Leya anamtaka Columbus, na mimi niko Buffalo na mtoto wangu Gloire, ambaye bibi yake hajambeba mgongoni hata siku moja. Jumapili, tukiwa wote kwenye simu ya video, akasema:

"Bon, munyamaze. Baba yenu alinichumbia kwa namba. Ina tarakimu sita. Ukiizidisha mara mbili, tarakimu ni zile zile, zimehama tu. Mara tatu, vile vile, mpaka mara sita! Atakayeipata kabla ya Jumapili ijayo, Noeli nakula kwake. Na musiulize simu."

"Baba alikutongoza na hesabu, ukakubali?" Leya akacheka.

"Wengine walileta mbuzi. Mbuzi aliliwa akaisha. Namba ninayo mpaka leo."

Bagula alijaribu 123456, ikakataa. Akasema namba kama hiyo haipo.

Mimi ninafanya kazi kiwandani Tonawanda, mbele ya mkanda unaozungusha kreti. Nyekundu, ya njano, ya bluu, zinapita na kurudi. Ukiangalia sasa, nyekundu iko mbele. Ukiangalia tena, ya bluu iko mbele na nyekundu inafuata, lakini hakuna iliyoruka mwenzake. Siku ya Jumatano nikazitazama hivyo, nikamkumbuka mwalimu Rugaba.

Nilisoma shule ya msingi tu. Kwa mwalimu Rugaba, aliyepiga kelele alipewa adhabu: gawanya moja kwa saba mpaka iishe. Haiishi! Wenzangu walilia. Mimi nilijaza ubao mzima, nikaona tarakimu zinarudi: moja, nne, mbili, nane, tano, saba, kisha moja tena.

Saa ya mapumziko nikachana boksi la glavu nikaandika. 142857 mara mbili: 285714. Moja na nne zimehamia nyuma! Mara tatu: 428571. Nikapiga yowe.

Kavugho, mwenzangu wa kazi, akaja mbio. "Umekatwa kidole?"

"Hapana! Mara tano, Kavugho, ngoja nifanye mara tano!"

"Mara tano ya nini, wewe? Umekula nini leo?"

"714285! Ona, zote zipo!"

Jumapili sikungoja hata salamu. Nilipoitaja, mama akashika mdomo.

"Mara sita?" Bagula akauliza, kikokotoo mkononi.

"857142."

Akabonyeza, akageuza kikokotoo kwenye kamera tuone. Leya akadakia, "Na mara saba?"

"Hapo inakuwa tisa tupu, 999999."

"Nsimire," mama akaniita kwa jina, "nitafutie koti ya baridi."

Wiki ya Noeli alishuka kwenye basi hapa Buffalo, theluji ikianguka. Kabla sijamkumbatia, Gloire alikuwa tayari mgongoni kwake, na mama anafunga kitenge juu ya koti.

"Mara nane?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaifanya. "Imeharibika, mama: 1142856. Saba imepotea. Donc, basi, toa ile moja ya mbele, uiongeze kwenye sita ya mwisho."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. Ghafla akasimama katikati ya njia, watu wakatuzunguka na mizigo yao.

"Imerudi! Baba yenu alifika saba akasema imekwisha!"

Tulipofika kwenye gari, akageuka. "Mara tisa?"