Matete ya Sebuleni

Jumanne moja, saa tatu kasorobo asubuhi, mnyapara wa kikosi cha magugu alikuwa anajaza fomu ya mwezi kwa kusimama, kwa sababu ofisini kulikuwa na kiti kimoja tu cha wageni na kiti chenyewe kilikaliwa na mafaili. Mabuti yake ya mpira aliyaacha mlangoni asije akachafua sakafu. Watu wa kikosi walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, naye aliitika maana alishachoka kubishana nao. Kwenye mstari wa "Hali ya mimea" aliandika: Magugu ya Kona yamejaa vizuri. Akatia sahihi, akavaa mabuti, akaenda zake kazini.

Neno hilo moja ndilo lililoleta balaa, kwa hiyo lielezwe mapema. Kikosi cha Shangazi kilikuwa na kazi mbili kando ya ziwa. Ya kwanza ilikuwa kung'oa gugu maji, lile linaloelea na kutanda mpaka samaki chini yake wanakosa pumzi. Ya pili ilikuwa kulinda matete ya pembe moja ya ufuko iliyoitwa Kona, yale yanayosimama ufukweni mizizi ikiwa majini, maana humo ndimo perege huwaleta watoto wao, na kambare hutaga humo mvua zikianza. Lile ni adui, haya ni mboni ya jicho. Lakini watu wa kikosi, kwa uvivu wa ulimi tu, yote waliyaita magugu. Ya kung'oa yalikuwa magugu, ya kulinda yalikuwa magugu yetu. Miaka kumi na minane walishinda humo maji yakiwa kiunoni, na hakuna hata siku moja mtu aling'oa yasiyostahili. Wao kwa wao walielewana.

Wiki mbili baadaye barua ikashuka. Mwenye nyumba mpya ya ghorofa pale juu ya Kona alikuwa ameomba siku nyingi ufuko usafishwe ili akikaa barazani aone maji. Ofisi ilikuwa inamzungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa, kwa kukosa sababu ya kumkubalia. Sasa sababu ilikuwa imepatikana, tena kwa mwandiko wa mnyapara mwenyewe. Kibali kilisema magugu ya Kona yaondolewe yote.

Shangazi alikwenda kwa mkuu wa ofisi bila hata kuvua mabuti. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mafaili mengi na mgongo unaouma.

"Mkuu, pale Kona hakuna magugu. Ni matete matupu."

"Shangazi, mimi nisome nini sasa? Umeandika magugu. Umeandika yamejaa. Ukaongeza na vizuri."

"Hilo vizuri ndilo la kukuonyesha kuwa ni matete. Nani atasifia gugu maji?"

Mkuu aliutazama mstari ule kwa muda, akakubali kwamba hoja ina uzito. Kisha akasema kibali kikishatoka kimetoka. Fomu ya kurekebisha fomu ilikuwapo, lakini ilitaka mkaguzi afike mahali penyewe, na mkaguzi alikuwa na foleni ya miezi mitatu. Matete yangekatwa wiki hiyo. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, ila haikumsaidia mtu.

Basi wakakata. Shangazi angeweza kugoma, lakini alijua kwamba akigoma wataletwa watu wengine, na hao watafyeka mpaka tope. Akaona bora nusu shari. Aliwaambia watu wake wakate juu ya maji, mizizi wasiiguse, maana mizizi ikibaki hai mvua mbili tu zinatosha kuyasimamisha matete upya. Walikata siku tatu. Hakuna aliyeimba wala kutania. Alhamisi jioni Kona palikuwa peupe, na pale barazani mwenye ghorofa alikuwa ameshatoa viti.

Ijumaa asubuhi mume wa Shangazi, fundi cherehani aliyekuwa akishonea sebuleni tangu watoto wao wakue na kuondoka, alimwita mkewe aliyekuwa jikoni anachemsha chai.

"Mama, njoo uone. Wafanyakazi wenzako wamekufuata nyumbani."

Matete yalikuwa yametoboa saruji. Yalikuwa yamefika usawa wa goti, kati ya sofa na cherehani, na maji yalikuwa yamejaa kiasi cha kifundo cha mguu, baridi na yenye rangi ya chai ya rangi. Maji hayakuvuka kizingiti cha jikoni wala cha chumbani. Shangazi alichutama, akashika bua moja, akalikagua jani. Alilijua. Yalikuwa yale ya upande wa mashariki wa Kona, yenye majani membamba. Akamwambia mumewe ainue cherehani, naye akaiinua juu ya matofali manne, akaendelea kushona sare za shule huku miguu imelowa. Kufika Jumapili matete yalikuwa yamegusa dari, na fundi akawa anatundika humo sare alizomaliza, akisema kwamba toka aoe alikuwa anaomba kamba ya nguo.

Samaki walianza kuja Jumamosi. Perege walipitia kwenye karo la bafuni, mmoja mmoja. Kambare, ambao wanajua kujikokota nchi kavu, walikuja kwa barabara, mstari mmoja, upande wa kushoto, wakisogea kila baiskeli ilipopiga kengele. Jirani alibisha hodi na ufagio mkononi.

"Jirani, sina neno na wageni wako. Lakini ngazi zangu wamezijaza tope."

"Nisamehe, jirani. Nitakuja kuzisafisha."

"Na huyo mkubwa wa nyuma mwambie kwako ni mlango wa bluu. Kanigongea mimi mara mbili."

Sasa, perege jike hubeba watoto wake mdomoni. Akishawabeba hali chochote, anakonda, anatembea na mdomo uliofumbwa akitafuta mahali penye mabua mengi pa kuwatema. Shangazi aliyajua haya tangu zamani, lakini alikuwa hajawahi kuyaona kwa karibu hivyo. Jumapili mchana alikaa kwenye mkono wa sofa, miguu ameipandisha juu, akamwona perege mmoja mwembamba kama ubao akiingia uvunguni mwa meza. Alikuwa na alama za magamba yaliyochubuka kwa kupita kwenye bomba. Akafungua mdomo taratibu, na vifaranga wakamwagika kama mtama. Mama yao hakuondoka. Alikaa hapo akihema.

Shangazi akalia. Hakulia sana, lakini alilia kwa uchungu, kwa sababu panga lililokata Kona lilikuwa lake na neno lilikuwa lake. Fundi alipoangusha mkasi kwa kugeuka amtazame, vifaranga wote wakarudi mdomoni mwa mama yao kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Shangazi akanyamaza ili watoke tena.

Jumatatu alikuta barua nyingine kazini. Mwenye ghorofa alikuwa ameona machipukizi. Ofisi ilikuwa imemkubalia katapila, lije Jumatatu inayofuata lichimbe mizizi yote na kumwaga mchanga. Shangazi aliisoma mara mbili. Matete yaliyokatwa huota. Yaliyochimbwa hayaoti, na Kona ndipo mahali pa mwisho palipobaki na matete, maana ufuko wote mwingine ulishasafishwa kwa vibali vya miaka iliyopita. Alikuwa na siku saba za kuokoa mizizi, na ushahidi wake wote ulikuwa sebuleni.

Akamwalika mkuu. Mkuu alifika Jumatano na karani wake, saa nne asubuhi. Walivua viatu, wakakunja suruali, wakaingia. Mkuu alisema sebule ni nzuri. Karani alikuwa na kamba ya kupimia, akaanza kupima bila kuambiwa.

"Haya ndiyo niliyoandika," Shangazi alisema. "Haya ndiyo tunayoyaita magugu yetu. Tazama humo ndani, mkuu. Tazama chini ya meza."

Mkuu aliinama, mgongo ukamkatalia, akapiga magoti kabisa majini na kutazama. Alitazama muda mrefu. Perege wanne walikuwa wamepangana, kila mmoja na wanawe.

"Kweli kabisa," akasema. "Haya ni matete, na hawa ni perege wanalea. Mtu yeyote anaona."

"Kwa hiyo unaelewa."

"Naelewa, Shangazi. Naelewa vizuri sana. Karani, umeandika?"

Karani alikuwa ameandika. Fundi aliwapa taulo la kufutia miguu na chai, wakanywea jikoni, na mkuu akamshukuru Shangazi kwa kazi ya miaka kumi na minane. Walipoondoka Shangazi alijisikia mwepesi. Alikwenda kusafisha ngazi za jirani, na jirani akashangaa kusikia anapiga mluzi.

Jibu lilikuja Ijumaa, ukurasa mmoja na nusu, na muhuri. Lilisema ofisi imekagua na kuthibitisha kuwapo kwa mazalia ya samaki yenye hali bora kuliko yote ziwani, ukubwa wake mita nne kwa mita tatu na nusu, mahali pake nyuma ya mlango wa bluu. Kwa kuwa mazalia hayo sasa yanatosheleza takwa la kulinda ufuko, mizizi ya Kona haihitajiki tena, na katapila liendelee kama ilivyopangwa. Mnyapara anateuliwa kuwa mlinzi wa mazalia hayo. Ni marufuku kuingia humo na mtumbwi, nyavu, au chombo chochote chenye kishindo, cherehani ikiwemo.

Fundi aliisoma juu ya bega la mkewe.

"Wamenitaja," akasema. "Miaka yote hii hakuna ofisi iliyonitaja."

Alitoa sare moja moja kwenye mabua, akaikunja. Wakaibeba cherehani wote wawili mpaka jikoni, wakaiweka kati ya jiko na dirisha. Tangu hapo mtu akitaka kufungua kabati la sufuria, fundi ilimbidi asimame. Hawakugombana. Hawakuwa na nguvu za kugombana.

Jumatatu Shangazi alikwenda Kona kabla ya dereva wa katapila, akakaa kwenye jiwe. Alikuwa na barua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na alikuwa amepanga maneno. Dereva alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alimwamkia vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi yake mwenyewe iliyokunjwa mfukoni.

"Mama, mimi natumwa tu. Na karatasi yangu inasema hata wewe mwenyewe umethibitisha."

"Nimethibitisha nini?"

"Kwamba wako salama kwako."

Shangazi alizikunja barua zake tatu. Walikuwa salama kwake, huo ulikuwa ukweli. Dereva alisubiri kwa adabu, akapenga kamasi, kisha akamwomba asogee kidogo kulia. Akasogea. Mizizi ilitoka mizima, mirefu, myeupe, na tope lake lilinuka mayai ya samaki. Kufika saa nane mchanga ulikuwa umemwagwa na kusawazishwa, na ukuta mfupi wa mawe ukaanza kujengwa.

Mwezi ukapita. Wavuvi walirudi na nyavu tupu, wakasikia habari za mlango wa bluu, wakaja kutazama dirishani na kuondoka kimya, maana ilikuwa marufuku. Mmoja wao, aliyekuwa akimdai fundi wema, aliuliza kama hakuna namna ya kupata hata wawili. Fundi alimwonyesha muhuri.

Vifaranga walikua. Walifika urefu wa kidole, na sebule ikawa imejaa hata maji yalionekana kuchemka. Humo hapakuwa na nafasi ya wao kuwa samaki wakubwa, na kina mama wengine walikuwa wanafika kila siku na midomo iliyofumbwa. Perege wa kidole kimoja anatakiwa kwenda ziwani, na kwenda taratibu, akijificha bua hadi bua mpaka ajue kukimbia. Asubuhi moja, kama siku zilizotangulia, Shangazi aliwachota kwenye ndoo mbili, akafunika kwa kanga, akashuka nao Kona. Hakukuwa na mahali pengine pa kushukia bila kuvuka uwanja wa mtu.

Ukuta ulikuwa umekamilika na maji yalikuwa maangavu mpaka chini, mchanga mtupu. Juu ya ukuta ndege weusi wa kupiga mbizi walikuwa wamekaa mstari mzima, bega kwa bega, wameshajua saa yake. Aliingia mpaka magotini, akainamisha ndoo ya kwanza. Samaki wale walisimama kidogo miguuni pake, kati ya mabuti yake, kwa sababu mabuti yalikuwa vitu viwili pekee vilivyosimama ndani ya maji yale. Alikaa bila kutikisika kadiri mgongo ulivyomruhusu. Barazani mwenye ghorofa aliinua kikombe.

"Habari za asubuhi, mama! Maji yamependeza, sivyo?"

"Nzuri," Shangazi akajibu. "Yamependeza."

Kisha akavuta mguu mmoja, maana ndoo ya pili ilikuwa bado imejaa, na ndege wakashuka.