Msingi wa Bure

Shimo la tatu lilikuwa limemfika mumewe magotini, na mfuniko wa karo la maji taka haukuonekana. Mama Pacha alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akiutazama ua wake uliofukuliwa kama umepitiwa na nguruwe wenye hasira.

"Sogea kushoto kidogo, kaka," alisema shemeji yake, mdogo wa mume, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia kwa sababu hakuna kazi aliyoishika wala kazi asiyoielekeza. "Marehemu baba alilijenga usawa wa huu mpera."

"Saa mbili ulisema usawa wa tangi la maji," Mama Pacha akamwambia. "Saa tatu ukasema usawa wa geti. Huo mfuniko unatembea?"

"Shemeji, ujenzi wa zamani haukuwa na ramani."

Choo kilikuwa kimegoma tangu juzi. Ukivuta maji yanapanda badala ya kushuka, yanakuchungulia, kisha yanajifikiria. Siku nyingine wangeomba kwa jirani, yakaisha. Lakini saa nane mchana mama yake mzazi alikuwa anatoka hospitali na nyonga ya chuma, naye alikwisha sema neno lake: nyumba ambayo itabidi abebwe kwenda kujisaidia kwa watu, haendi. Atakwenda kwa mwanawe wa kiume, ambako mkwewe hata salamu hampi. Na akifikia huko, Mama Pacha alijua, hatanyanyuka tena kitandani.

Dereva wa gari la kunyonya maji taka alitazama saa. "Mama, saa sita naondoka. Nikitoka hapa, kurudi ni wiki mbili."

"Ndugu yangu, kazi hii unaifanya kila siku. Ingekuwa ni wewe, ungetafutaje?"

"Mimi siulizi watu. Nauliza bomba."

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Niliambiwa yupo injinia."

Mama Pacha alimeza maneno matatu ambayo hayasemwi mbele ya mgeni. Dereva akaenda nyuma ya bafu, akafunua chemba ndogo ya bomba la choo, akasukuma ndani mpira mrefu mgumu mpaka ukagota. Akauchomoa, akaulaza juu ya ardhi kufuata njia ya bomba. Ncha yake ikaangukia kizingiti cha chumba cha Injinia, kile alichokijenga uani mwaka juzi alipooa.

Dereva aliingia na nondo, akagonga sakafu. Mlangoni ikalia ko, ko. Chini ya kitanda ikalia kama ngoma.

"Mfuniko umelaliwa," akasema.

Injinia akautazama mpera.

"Ulijua?" kaka yake akauliza, bado yumo shimoni.

"Palikuwa na zege tayari, kaka. Zege nene, zuri. Nikaona huo ni msingi wa bure."

"Na mimi nachimba tangu asubuhi?"

"Nilidhani labda upo mfuniko mwingine."

Mama Pacha hakungoja kesi iishe. Aliingia, akatoka na godoro kichwani, akalibwaga kibarazani. Akarudi akatoka na mito, viatu, na picha ya harusi iliyofungwa fremu.

"Shemeji, subiri kwanza mke wangu atoke kazini."

"Atakuta choo kinashuka. Atafurahi."

"Na sisi tutalala wapi?"

"Mashimo yapo matatu. Chagueni."

Akamkabidhi nyundo. Kwa mara ya kwanza tangu waishi ua mmoja, Injinia alifanya kazi bila kumwelekeza mtu. Vigae vikaruka, vumbi likamjaa nyusi, na saa sita kasorobo mfuniko ukafunuka. Harufu iliyotoka iliwafukuza wote isipokuwa dereva, aliyeingiza bomba lake kubwa na kuwasha mashine.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa mama yake, na hakusalimia.

"Choo kinashuka?"

"Ndiyo, mama."

"Hata jana uliniambia ndiyo."

Mama Pacha akaingia chooni na simu. Akavuta maji, akainama, akaishusha simu karibu na bakuli. Maji yakazunguka, yakanguruma, yakaenda zao. Akairudisha simu sikioni.

Mama yake akakohoa.

"Haya. Mwambie mumeo aje na gari lenye kiti kipana. Na aoge kwanza."