Maziwa ya Kwaresima

Dokta Rahel alimwambia mama kwa upole, lakini mama yangu hana sikio la upole. Chanjo ya korona aliyochomwa mara mbili, mwili wake ulikuwa umeipokea kidogo mno. Damu ilipopimwa, kinga ilionekana ya kubabaisha tu.

"Kwa hiyo damu yangu ni zuzu?" mama akauliza.

"Si zuzu, mama Yeshimebet, imechoka. Umri umekwenda, na sukari imekutafuna miaka mingi. Chanjo inaufundisha mwili kupigana, na wako unajifunza polepole. Tutakuchoma tena baada ya wiki mbili. Na wote wa nyumbani wachanjwe, wasikuletee ugonjwa."

Mimi nilielewa. Mama akaelewa lake. Tulipanda kilima cha mji wetu wa Dessie, Ethiopia, katika baridi, nikimtania kuhusu viatu vyake. Tulipofika akasema, "Ni yale maziwa."

Ilikuwa Kwaresima, na kwetu Waorthodoksi Kwaresima si mchezo: hakuna nyama, maziwa wala mayai, na mtu hali kitu mpaka saa tisa alasiri. Kwa sababu ya sukari, Abba Tekle, padri anayemuungamisha mama, alikuwa amemruhusu ale asubuhi na anywe kikombe cha maziwa. Alikuwa akikinywa nyuma ya pazia ili majirani wasimwone. Sasa aliamini Mungu ameinyima damu yake nguvu kwa ajili ya kikombe hicho.

"Jamani mama! Mungu ana kazi ya kuchungulia vikombe vya watu?"

"Nyamaza, Woinshet. Wewe unayekaanga mayai hata Jumatano ya mfungo, unajua nini?"

Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa ameamua kuisaidia sindano inayofuata kwa kufunga kwelikweli. Kila asubuhi alijichoma insulini kama kawaida, kisha chakula nilichomwachia akawapa kuku. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni jikoni, sukari imemshuka, ameloa jasho, hanijui. Nilimpaka asali ndani ya shavu huku nalia na kumtukana.

Alipozinduka, Dokta Rahel hakumficha: asipokula, ataanguka tena asiamke, na korona ikimkuta katika hali ile haitamwacha. Mama akageukia ukuta. Chakula hataki, sindano hataki. Nikaenda kwa Abba Tekle nikiwa nimefura.

"Njoo umwambie ale," nilimwambia, "kabla hujaja kumzika."

Alikuja na fimbo yake na barakoa, mzee wa miaka themanini na ushee, akaketi kwenye kigoda akihema.

"Yeshimebet, umekosana na maziwa niliyokupa mimi?"

"Dhambi ni yangu, Abba. Damu yangu imeikataa dawa."

Abba akaichezea fimbo. Niliona kabisa kwamba anaona haya.

"Na mimi nilipimwa palepale kwa Dokta Rahel," akasema. "Yangu imepokea kidogo kuliko yako."

Mama akageuka. "Wewe?"

"Mimi."

"Lakini wewe tangu utotoni hujala kabla ya saa tisa! Hata samaki hugusi!"

"Hata samaki," akasema Abba kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Tumezeeka, binti yangu. Ni hilo tu."

Mama akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani, halafu kicheko kikageuka kilio. Nilimhurumia sana. Siku zote zile alikuwa amelala na aibu isiyokuwa yake.

Nikaleta injera, mkate wetu mwembamba, na dengu. Ilikuwa saa sita mchana. Abba Tekle, ambaye tangu jana alikuwa hajatia kitu mdomoni, alinawa mikono, akakata kipande, akakikunja na dengu na kukisogeza mdomoni mwa mama. Kwetu, tonge la mkono wa mtu halikataliwi.

Mama akafungua mdomo.