Kikaango cha Mama Shija

Klara ni mwandishi wa habari, na vitabu vyake vya uzazi na malezi vinasomwa hadi kwenye jumuiya za kanisani. Alipokuja Masumbwe alikaa kwenye benchi la kibanda changu cha chai, akamsifia kila mtoto aliyepita. Nilimpenda, nisidanganye. Kisha akaingia kwa jirani yangu Agnetha.

Agnetha ni mjane, anawachomea wachimbaji dhahabu yao iliyoshikana na zebaki, jikoni kwake. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki kwenye kikaango. Kikipoa anakaangia dagaa. Mwanawe Shija, ambaye bado alikuwa ananyonya, alishaanza kutetemeka mikono.

"Ni moshi huu, Mama Shija," Klara alimwambia. "Niruhusu niandike. Mficha uchi hazai."

"Andika, dada. Ila jina langu usilitaje. Wakwe wakijua, watamchukua mtoto."

Klara akaahidi, na jina la Agnetha kweli hakuliandika. Makala ikaingia kwenye kila simu: mjane wa Masumbwe aliyezika mapacha, sasa anamlea Shija kwenye moshi wa zebaki. Jamani! Kwa Wasukuma, Shija ndiye anayezaliwa baada ya mapacha. Mji huu una wajane wangapi waliozika mapacha wakabaki na Shija? Hata mbuzi wa sokoni walimjua.

Haikupita wiki, mama mkwe akashuka kwenye bodaboda, ametoka Bukombe na mwanawe Bujiku. Agnetha akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetuaibisha nchi nzima. Ng'ombe wetu kwenu walifika wote, kwa hiyo mtoto ni wa kwetu."

"Bado ananyonya, mama."

"Maziwa ya ng'ombe yapo."

Bujiku akambandua mtoto mikononi mwa mama yake. Majirani tulisimama tu, maana mahari ilikuwa imekamilika na mila tunaijua. Nilichukia mpaka chai ikaniungulia jikoni.

Klara alirudi anacheka, amempata daktari wa Mwanza wa kumtibu Shija bure. Akamkuta Agnetha kizingitini, blauzi imelowa maziwa.

"Yuko kwa bibi yake," Agnetha alisema.

Klara akatafuta la kufariji. "Angalau kule yuko mbali na moshi."

Agnetha akamtazama.

"Dada, kuchoma dhahabu nilifundishwa na huyo bibi, jikoni kwake. Na anachoma mpaka leo."