Ukumbi Ulioinamia Kushoto

Mtaani walimwita Fundi Makalio, na wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kubuni viti vya kumbi za kungojea, na ukitaka kumuudhi, mwambie kiti ni kiti tu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," angekujibu, "na kiti hukijui mpaka ungojee juu yake asubuhi nzima."

Umbo la kiti hakulichora, alilichukua kwa mtu. Alikuwa na sanduku la mchanga mbichi, juu katandika nailoni. Mtu anakaa, anatulia, anachoka kama watu wanavyochoka wakingoja. Akiinuka, shimo lake linabaki mchangani, na Fundi anamwaga jasi humo. Kwa viti vya hospitali alimkalisha mama yake mzazi. Nani mwingine angekaa muda wote huo bila kulalamika?

Mama alikaa. Lakini kila Fundi alipogeuka, alimkuta ameinamia kushoto, mkono ubavuni.

"Mama, kaa sawa basi!"

"Nimekaa sawa tu, mwanangu. Wewe fanya kazi yako."

Akafanya kazi yake. Na ule mwinamo akaupenda, eti ndio unaofanya kiti kiwe cha mtu si cha kiwandani, akauacha ulivyo. Viti havijamaliza kutengenezwa, mama akalazwa. Uvimbe wa ubavuni ulikuwa umeshamla ndani kwa ndani, hakutoka tena. Msibani dada yake Fundi akalia, "Mficha maradhi kifo humuumbua!" Fundi akatikisa kichwa kama wenzake. Moyoni alijua mama hakuficha kitu. Alikaa na ugonjwa wake mbele ya macho ya mwanawe, asubuhi nzima.

Viti vikafungwa hospitalini bila yeye kwenda. Aliogopa, tuseme kweli. Lile umbo la jasi alilisukuma chini ya meza ya karakana na kulifunika shuka ya mama. Mara kwa mara alilipapasa, na siku moja aliapa kuwa lina joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Kisha muuguzi wa mapokezi akampigia simu. "Fundi, njoo uone ulichotufanyia."

Alipoingia ukumbini roho ilimruka. Loo! Watu wamejaa, wazee kwa vijana, mjamzito, bwana mmoja na suti yake. Na wote, wote, wameinamia kushoto, mkono ubavuni. Mama yake amekaa katika kila kiti. Mama mwenye ndevu, mama mwenye kofia, mama anayesinzia mdomo wazi. Akashika ukuta.

"Unaona?" muuguzi akasema. "Mimi hapa kazi yangu ni macho. Naangalia mtu kakaaje, ndipo najua nani aingie kwanza. Tangu viti vyako vije, wote wanakaa kama wanaumwa ubavu. Anayeumwa kweli nitamjuaje?"

"Ni mama," Fundi akaropoka.

"Mama yupi?"

"Nitavirekebisha, sista."

Kusema ni rahisi. Siku zikapita, vipande vya kuinulia upande wa kushoto vimekatwa tayari, na yeye hajainua mguu. Dada yake akaja karakanani kumfokea.

"Unangoja nini wewe?"

"Dada, nikivisawazisha mama ataondoka."

Dada akaketi juu ya sanduku la mchanga, sauti ikashuka. "Mama alikwisha kuondoka, mdogo wangu. Pale wamekaa mama za watu."

Fundi akapiga moyo konde, akabeba vifaa vyake.

Alianza alfajiri, kabla ukumbi haujafunguliwa. Anafungua kiti, anaweka kipande, anakaza, anaweka pimamaji juu mpaka kipovu cha ndani yake kitulie katikati. Na kila kiti alichosawazisha, alisikia nyuma yake mtu akiguna na kuinuka, taratibu, kama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Hakugeuka. "Nisamehe, mama," alikuwa akisema, kiti baada ya kiti, mpaka sauti ikamkauka.

Milango ikafunguliwa. Watu wakaingia, wakakaa, na wakakaa sawa. Fundi akawatazama mmoja mmoja, hakumwona mama yake popote, na machozi yakamtoka waziwazi mbele za watu. Akaanza kukusanya vifaa.

Ndipo akamwona bibi mmoja safu ya dirishani. Ameinamia kushoto, mkono ubavuni.

Kumbe nimeruka kiti kimoja! Akamwendea, akachutama, akabandika pimamaji ukingoni mwa kiti. Kipovu kikatulia katikati kabisa. Akaigeuza pimamaji, akapima tena. Kiti kilikuwa sawa.

Bibi akamtazama, akajitahidi kutabasamu. "Nimekaa sawa tu, mwanangu. Wewe fanya kazi yako."

Fundi akaiweka pimamaji sakafuni.

"Hapana, mama," akasema, na mkono wake tayari ulikuwa juu ukimwita muuguzi. "Unaumwa wapi?"